Mutu wa kunyamaza anaweza kuuza: namna ya kutangaza bizinesi ndogo kwa simu bila kupiga kelele



Kuna swali moja linarudi kila mara kati yetu, na mara mingi wanaliuliza inboksi, juu mwenye kuuliza anaona haya kuliuliza mbele ya watu: «Mimi si mutu wa kusemasema. Siwezi kujirekodi video nikicheka na kucheza. Sasa bizinesi yangu nitaitangaza namna gani?»

Leo nitalijibu kwa urefu, juu linanihusu. Niko na lisansi ya agronomia, ninauza miche hapa Bukavu: shu, tomati, marakuja na avoka ya kugrefe. Na tangu utoto niko mutu wa kunyamaza. Kwenye sherehe, mimi njo yule anaketi karibu na mlango. Sitawaambia mubadilike. Nitaeleza namna kazi yenyewe inaendeshwa, na wapi kimya kinasaidia, na wapi kinaua.

1. KUNYAMAZA, HAYA, NA KUJIFICHA

Tunachanganya vitu vitatu. Tuvitenganishe kwanza.

Kunyamaza ni tabia. Carl Jung, daktari wa Uswisi, aliandika juu ya tabia hizo mbili katika kitabu chake cha mwaka 1921: kuna mutu ambaye nguvu zake zinaelekea ndani, kwenye mawazo yake, na mwingine ambaye nguvu zake zinaelekea nje, kwa watu. Wa kwanza, baada ya saa mbili za kuongea na watu wengi, anachoka kama mwenye kulima siku nzima. Si ugonjwa. Si dharau pia, hata kama ba mama wa mtaa wanasema «ule mutoto anajisikia».

Haya ni kitu kingine. Haya ni woga: «watanicheka, watasema nini?» Kuna watu wenye kuongea sana lakini wako na haya, na kuna watu wa kimya ambao hawaogopi mutu.

Kujificha ni kitendo. Uko na bidhaa nzuri, lakini hakuna anayejua. Statu yako ya WhatsApp ina mistari ya Biblia na foto za siku ya kolasyo, na hata shemeji yako hajui kama unauza sabuni. Hapo usiseme «ni tabia yangu». Tabia yako haikukataza kuandika bei.

Na tusijidanganye kwa upande mwingine pia. Mwaka 2013, Adam Grant, profesa wa Marekani, alichapisha utafiti juu ya wauzaji 340 waliouza kwa simu. Wengi wetu tungesema wenye mdomo njo waliuza kuliko wote. Haikuwa hivyo. Waliopata pesa mingi zaidi ni wale wa katikati, wasio wa kelele sana wala wa kimya sana. Maelezo yake ni rahisi: mutu wa katikati anasema ya kutosha, halafu anaacha nafasi ya kumusikiliza mwenye kununua. Kwetu sisi watu wa kimya, habari ni hii: kusikiliza tayari tunajua. Kunabaki kusogea hatua kidogo. Si lazima tuvuke ngambo yote.

2. MCHE HAUNGOJI UPATE UJASIRI

Nitoe mfano kwa kazi yangu, juu mimea inafundisha muzuri.

Mche wa shu unakaa kwenye pepinyeri karibu wiki 4 mpaka 6. Ukipita hapo, shina linakuwa gumu kama mti, mizizi inabanana, na hata ukiupanda mara mingi hautafunga kichwa muzuri. Maana yake, siku ninapotupa mbegu chini, saa imeanza kuhesabu. Niko na wiki chache za kupata wanunuzi. Nikingoja nijisikie tayari kuongea, miche inazeeka, na pamoja nayo pesa ya mbegu, ya samadi, ya kijana anayemwagilia, na ya nyumba.

Munaweza kusema: mimi ninauza nguo, nguo haiozi. Kweli, lakini pesa iliyolala ndani ya nguo nayo haizai. Mwenye nyumba anakuja tarehe ileile. Minervali ya mdogo wako inaitishwa wakati uleule. Wengi wetu tulimaliza masomo, tukaweka dosie kwenye maofisi na kwenye ba ONG, tukangoja mwaka, miwili. Kile kibizinesi kidogo ambacho tunaona haya kukitaja, mara mingi njo kinatulisha leo. Kwa hiyo kukificha si unyenyekevu. Ni kuacha kazi katikati.

3. MNUNUZI ANATAFUTA NINI?

Fungueni simu, muangalie matangazo ya watu kumi wanaouza hapa mjini. Mutaona: «Arrivage! Arrivage! Fanyeni haraka!», vichwa vya moto, vichwa vya kucheka, na mwisho: «bei inboksi». Baada ya kusoma yote hayo, bado haujui kitu.

Mnunuzi wa kwetu anaumizwa na kudanganywa kuliko anavyokosa burudani. Alishatuma pesa kwa M-Pesa na simu ya muuzaji ikafungwa. Alishaletewa kiatu ambacho si kile cha kwenye foto. Kwa hiyo kichwani mwake kuna maswali manne tu:

- Ni kitu gani hasa?
- Ni pesa ngapi, na kukifikisha kwangu ni ngapi?
- Uko wapi, na nitakipata siku gani?
- Nitajuaje kama haunidanganyi?

Angalieni muzuri. Katika maswali manne hayo, hakuna hata moja linalotaka kelele. Yote yanataka maandishi yenye kueleweka, foto ya kweli, na mutu anayeshika neno lake. Hizo ni kazi za mutu wa kimya. Tulizifanya tulipoandika memwari: kuangalia, kupima, kuandika bila kuongeza chumvi.

Tangazo langu moja linasomeka hivi: «Miche ya avoka ya kugrefe, aina ya Hass. Urefu: tangu goti kushuka. Dola 3 kwa mche mmoja. Inapatikana Panzi, tangu Jumanne mpaka Jumamosi. Tunafikisha Kadutu, Ibanda na Bagira. Bei ya kufikisha inategemea idadi. Foto imepigwa leo asubuhi.» Hakuna hata alama moja ya mshangao. Lakini maswali matatu yamejibiwa, na la nne limeanza kujibiwa na yale maneno ya mwisho: foto imepigwa leo asubuhi.

4. VYOMBO VYA KUTUMIA, NA NAMNA YA KUVITUMIA

Sitataja vyote. Nitataja vile ambavyo mutu wa kimya anaweza kuvishika bila kujilazimisha.

Statu ya WhatsApp. Inakaa saa 24, halafu inaondoka yenyewe. Kwa mutu wa haya hiyo ni baraka, juu haibaki kukutazama. Lakini jueni: kwa kawaida wanaoiona ni wale tu ambao wewe umeandika namba yao, na wao wameandika yako. Kwa hiyo kila mnunuzi akimaliza kulipa, ninamuandikia: «Mama, tafadhali hifadhi namba hii kwa jina Miche Bukavu, utaona miche mipya kila wiki.» Sentensi hiyo moja inanisaidia kuliko video kumi. Na ninapendelea kuweka statu jioni, wakati watu wamerudi nyumbani na wameshika simu.

WhatsApp Business. Ni ya bure, iko tangu mwaka 2018, na ninaona kama ilitengenezwa kwa ajili yetu. Ina katalogi: unaweka foto, jina na bei mara moja, halafu unamutumia mutu yote kwa kugusa tu. Ina majibu ya haraka: unaandika jibu ndefu siku moja ukiwa umetulia, unalipa jina fupi, na siku nyingine unapiga alama ya «/» na jibu linatoka. Mimi niko na majibu ya bei, ya mahali, ya namna ya kupanda, ya namna ya kulipa. Ina pia ujumbe wa wakati haupo. Wangu unasema: «Asante kwa kuandika. Niko shambani, nitakujibu kabla ya saa kumi na mbili jioni.» Na kabla ya saa kumi na mbili ninajibu kweli. Hapo unaona: mutu anayechoka na mazungumzo hatakiwi kuwa kwenye simu siku nzima. Anatakiwa kusema ni saa ngapi atakuwepo, na kuwepo.

Orodha ya kutumia ujumbe kwa wengi. Tofauti na grupu, hapa kila mutu anapata ujumbe kama umeandikiwa yeye peke yake, na akijibu, anajibu kwako tu. Orodha moja inachukua hadi watu 256, na inawafikia wale waliohifadhi namba yako. Grupu inataka mutu wa kuchangamsha, kupatanisha, kufukuza wenye kuweka matangazo ya uongo. Kama hiyo si kazi yako, acha grupu, chukua orodha. Lakini usiitumie kila siku. Mimi ninaandika pale tu kunapokuwa miche tayari. Watu wamezoea: wakiona ujumbe wangu, wanajua kuna kitu.

Ukurasa wa Facebook. Unabeba jina la bizinesi, si jina lako. Huko unaweza kuandika matangazo manne siku ya Yenga na kuyapangia siku za kutoka, hata ukiwa umelala. Ni muzuri pia juu mutu wa Uvira au wa Goma ambaye hana namba yako anaweza kukutafuta na kukupata.

Hesabu yangu ya wiki ni hii: saa moja siku ya Yenga, baada ya misa, kwa kupiga foto na kuandika, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni kwa kujibu. Mega ninazinunua kwa hesabu hiyo. Simu ninaichaji wakati kuna kuraa, juu munajua wenyewe hali ya kuraa yetu.

5. HAUTAKI KUONYESHA USO? ONYESHA MIKONO

Wengi wanaogopa kamera. Sawa. Kamera si lazima iangalie uso wako. Iangalie kazi.

Kwa miche, ninaonyesha mikono ikifunga kigrefe, udongo ukichanganywa na samadi, mche leo na mche uleule baada ya wiki mbili. Anayesuka anaonyesha vidole na kichwa kilichomalizika. Anayetengeneza unga wa masoso anaonyesha mahindi, mtama na soya kabla ya kusaga, kisha mizani, kisha sashe lililofungwa na tarehe. Anayeshona anaonyesha upande wa ndani wa nguo, pale ambapo fundi mubaya anaficha. Mutu akiona ndani ya kazi yako, anaanza kukuamini hata kama hajui sura yako.

Maneno machache juu ya foto: piga asubuhi mapema au jioni jua likishuka, pangusa kioo cha kamera kwa kitambaa, na weka kitu cha kulinganisha ukubwa, kama kalamu au kiganja. Na usichukue foto ya mutu mwingine kwenye intaneti. Siku mnunuzi akijua, hata foto zako za kweli hatazisadiki tena.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni ule wa wanunuzi. Baada ya wiki sita, ninamuandikia mutu: «Papa, ile shu inaendelea namna gani? Kama una foto, nitumie, na uniambie kama ninaweza kuionyesha.» Wengi wanatuma kwa furaha. Hapo njo ninaacha wao waongee. Mutu wa kimya mwenye wanunuzi ishirini wanaosema muzuri juu yake hahitaji kupiga kelele yeye mwenyewe. Lakini ruhusa ni lazima, na namba ya mutu isionekane.

6. KUFUNDISHA NI RAHISI KULIKO KUJISIFU

Kusema «miche yangu ni bora kuliko yote Bukavu» ni maneno mazito kinywani mwangu. Lakini kueleza kwa nini tomati inanyauka ikiwa bado na majani mabichi, hapo naweza kuandika kurasa.

Mama mmoja wa upande wa Kabare aliandika mbele ya watu wote, chini ya tangazo langu: «Miche yenu imekauka yote, Agronomu!» Moyo uliruka. Kwa mutu wa kimya, hapo mkono unataka kufuta maneno yake na kufunga simu. Nilimuandikia nimuulize kama ninaweza kumupigia, nikamupigia, nikasikiliza mpaka amalize. Halafu nikamuomba akate kipande cha shina karibu na udongo, akitumbukize ndani ya gilasi ya maji safi, asikitikise, angoje dakika chache.

Akatuma foto. Kutoka kwenye shina kulikuwa kunashuka uzi mweupe kama maziwa. Hiyo ni alama ya bakteria inayoitwa Ralstonia solanacearum, ambayo inakaa kwenye udongo na inaziba mishipa ya maji ya mmea. Nikamuuliza mwaka uliopita alipanda nini pale. Viazi, akasema. Viazi, tomati, biringanya na pilipili ni jamaa moja, na ugonjwa huo unapita kati yao. Na miche ya kitalu kilekile aliyoichukua jirani yake ilikuwa inasimama muzuri. Nikamueleza ang'oe mimea yote yenye ugonjwa, aichome, na shamba lile alipe mahindi ao shu kwa misimu kadhaa, asirudishe tomati haraka.

Kisha nikamuomba ruhusa, nikaandika habari hiyo yote kwenye ukurasa, na ile foto ya gilasi. Sikuandika «nunueni». Lakini wiki ile watu wengi waliandika wakiuliza juu ya mashamba yao, na sehemu yao wakaagiza miche. Yule mama mwenyewe alinunua shu.

Kila mmoja wenu yuko na kitu kama hicho. Aliyesoma uchumi anaweza kufundisha namna ya kuandika mapato kwenye kaye. Aliyesoma afya anajua namna ya kuhifadhi juisi isiharibike. Lisansi yetu haikutupa kazi, lakini ilitupa maelezo, na maelezo njo tangazo ambalo halichoshi anayeliandika wala anayelisoma.

7. MAJIRA YANASAIDIA KUJUA CHA KUANDIKA

Watu wa kimya wanachoka na swali «leo niandike nini?» Dawa yake ni kalenda. Kwangu, kalenda ni mvua. Hapa Kivu ya Kusini msimu A unaanza mwezi wa 9, msimu B mwezi wa 2, na kiangazi kinashika mwezi wa 6 mpaka wa 8. Kwa hiyo mwezi wa 7 ninaandika juu ya kutayarisha samadi na ninaanza kupokea komande. Mwezi wa 8 ninaonyesha miche ikiota. Mwezi wa 9 ninauza. Mwezi wa 10 ninaandika juu ya magonjwa ya mvua. Mwaka mzima umeshajiandika wenyewe.

Bizinesi yako nayo iko na mvua yake: kurudi mashuleni, siku za kolasyo, ndoa za kiangazi, Noeli. Ziandike kwenye karatasi moja, rudi nyuma wiki nne kwa kila tarehe, na hapo njo utaanza kutangaza.

8. PESA: ACHA SHERIA IONGEE

Sehemu ngumu kuliko yote kwetu ni kubishana bei na kudai. Mutu anasema «ndugu yangu, nipunguzie», na sisi tunapunguza mpaka faida inaisha, ili mazungumzo yaishe tu.

Andika sheria zako mapema, na uziweke kwenye katalogi. Zangu ni nne. Bei ni moja kwa wote. Anayechukua miche zaidi ya 50 anapunguziwa, na kiasi kimeandikwa. Komande ya avoka inataka avansi nusu, kwa M-Pesa ao Airtel Money, na ninatuma risiti papo hapo. Deni hakuna, hata kwa binamu. Mutu akiomba nipunguze, ninamutumia ile karatasi na kusema kwa adabu: «Mama, bei ya wote ni hii, hata wa familia analipa hivi.» Hapo si mimi ninayemukatalia, ni karatasi. Na wengi wanaiheshimu karatasi kuliko sauti ya kijana.

9. WAPI LAZIMA UTOE SAUTI

Kuna pahali tatu ambapo kuandika hakutoshi, na hapo tusijifiche nyuma ya tabia. Malalamiko: piga simu, siku ileile. Mutu mzee, ao mama wa shambani asiyesoma: mutumie sauti fupi kwa Kiswahili, Mashi ao lugha anayoielewa; unaweza kuirekodi mara tatu mpaka ikupendeze. Na komande kubwa: enda uonane na mutu uso kwa uso. Mazungumzo matatu ao manne kwa wiki, yaliyotayarishwa, hayamuui mutu. Yale mengine mia moja, foto na maandishi vitayabeba.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kununua taa ya kamera ao kumulipa mutu akuchezee video, fanya kazi moja. Chukua karatasi, andika swali ambalo wanunuzi wanakuuliza kila siku. Chini yake andika jibu lenye bei, mahali na siku. Piga foto moja ya kweli asubuhi. Jioni weka vyote kwenye statu, halafu weka simu chini, ule, upumzike. Kesho asubuhi utajibu walioandika.